Nyanyua Miguu

Aliyenishawishi kwenda mlimani alikuwa mwenzangu wa kazi, Mkongomani wa Beni, mtu wa makamo mwenye mabega mapana. Tulifanya kazi pamoja katika nyumba ya kulelea wazee huko Rockville, Maryland: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwalisha. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuwa nimeishi Germantown miaka mingi bila kuipenda theluji hata siku moja. Kwangu ilikuwa kitu cha kuzoa kwa koleo ili gari litoke. Lakini binti yangu alikuwa amehamia chuoni, nyumba ikawa kimya mno, na huyu bwana alikuwa na jambo lake.

"Mama," aliniambia siku moja tukikunja mashuka, "kule kwetu, asubuhi mawingu yakitoka, unaona Ruwenzori na ile theluji yake. Tangu utoto niko naangalia tu. Siku moja nataka nifike kule juu."

"Na vita?"

"Vita itaisha. Mi nijifunze sasa."

Kulikuwa na klabu ya wapanda milima iliyofundisha wanaoanza, kila majira ya kuchipua. Tukajiandikisha. Mkewe alimkataza, akasema mtu mwenye watoto watatu haendi kuchezea barafu. Akaenda.

Tuliendesha gari kutwa nzima hadi New Hampshire, maana huku kwetu miti ya mtaani ilikuwa imeshatoa maua. Kule mlima ulikuwa bado mweupe kuanzia kiunoni kwenda juu.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mrefu wa Kimarekani, mwenye mvi na sauti kavu. Asubuhi alitufundisha kupiga theluji kwa ncha ya kiatu mpaka kitokee kidaraja, kisha kupanda hivyo hivyo, shoka la barafu mkononi upande wa mlima. Halafu akatufundisha kuanguka. Tuliteleza kwa makusudi, kwa tumbo, kwa mgongo, kichwa kikitangulia. Kila mara unajipindua, unalilalia shoka kwa kifua, unakita ncha za viatu mpaka usimame. Theluji ilikuwa laini kama sukari iliyolowa, haikumuumiza mtu. Mwenzangu aliteleza kuliko sisi sote. Alipanda, akateleza, akapanda tena, huku akicheka kwa sauti ambayo kazini sijawahi kuisikia.

Mchana tulipanda juu zaidi, kwenye theluji ngumu, tukafunga meno ya chuma chini ya viatu. Mwalimu akatusimamisha.

"Sasa sheria inabadilika. Ukianguka, nyanyua miguu. Meno haya yakishika theluji ukiwa unateleza, yatakuvunja. Tumia magoti. Semeni wote."

Tukasema wote, kama watoto wa shule.

Tulipoanza kushuka, wingu lilifunika jua na upepo ukaanza. Theluji iliyokuwa imelainika ikaganda upya, ikang'aa kama kioo. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu. Nilisikia mkwaruzo, nikageuka, akanipita ubavuni akiteleza kwa mgongo. Alijipindua vizuri kabisa, akalilalia shoka kama alivyofanya asubuhi nzima. Na kama alivyofanya asubuhi nzima, akakita miguu.

"Nyanyua miguu!" nilipiga ukelele. Meno yalikuwa yameshashika. Mguu ulibaki, mwili ukaendelea. Akarushwa, akabiringika mpaka kwenye mawe, yakamzuia.

Tulipomfikia alikuwa macho. Mwalimu aliita waokoaji kwa redio, akamfunga mguu kwa fimbo na kamba, tukamwingiza kwenye mfuko wa kulalia. Wanafunzi wengine walishushwa na msaidizi wake. Mimi nilikataa kushuka. Nilikaa nyuma yake, nikamwegemeza kifuani pangu ili mgongo wake usiguse theluji.

"Mama, usinidanganye. Muguu iko namna gani?"

Nilikuwa nimekiona kiatu. Kilikuwa kimeelekea upande usiofaa.

"Umevunjika, kaka yangu."

"Bibi yangu alinikataza," akasema. Kwao bibi ni mke. Kisha akaanza kutetemeka hata maneno yakawa hayatoki. Nikamwambia asali. Akasali kwa Kinande, lugha ya mama yake. Mimi nikasoma Ayatul Kursi chini chini sikioni mwake, nikaikosea, nikaanza upya. Mwalimu alisimama karibu akituangalia. Waokoaji walifika na machela ya kuvuta mwanga ukiwa unakwisha.

Mimi ndiye niliyempigia simu mkewe kutoka hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Mulienda kutafuta nini kule?"

Nilisema pole, nikasema tena pole, mpaka akakata.

Walimpasua mara kadhaa. Kifundo kilikuwa kimesagika, kisha kidonda kikaoza, na kiangazi kilipofika madaktari wa huku Maryland wakaukata mguu chini ya goti. Kazi ya kunyanyua wazee ikaishia hapo. Nilikuwa nikipeleka chakula kwao baada ya shifti. Mkewe alipokea sufuria mlangoni, akashukuru, hakunikaribisha ndani. Nikisalimia watoto kwa Kiswahili, walinijibu kwa Kiingereza bila kuinua macho.

Kabla ya baridi kurudi walihamia Iowa, kwa kaka wa mkewe. Nilikwenda kusaidia kupakia. Yeye alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, amekonda, mabega yamelegea. Mkono wangu ukaenda wenyewe kumfungia mkanda, kama tunavyowafanyia wazee. Akausukuma.

"Acha. Mi si mgonjwa wako."

Nikaomba radhi. Akatazama mbele.

"Utarudi kule mlima?"

"Sirudi, kaka yangu."

"Ujue kama haurudi, basi mi niliumia bure."

Nilitamani kumdanganya, neno lilikuwa mdomoni kabisa. Mkewe akaingia upande wa usukani, akawasha gari bila kuniangalia, nikalazimika kurudi nyuma hatua chache ili waondoke. Sijapanda tena. Alinipigia mara mbili kutoka huko Iowa, tukaongea habari za watoto na baridi, kisha simu zikakoma.