Kompyuta Iliyodai CD Kasoli

Sogeeni hapa, wajukuu, zimeni redio mnisikilize. Pale kijijini Kasoli pamba yangu ilikuwa nje ya ofisi ya mnunuzi, mvua inanukia. Bila stakabadhi ya kompyuta haipokelewi, na kompyuta imegoma.

“Mayu, subiri,” karani akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. “Inadai CD ya kuwekea programu.”

“Si uliiweka juzi?” bosi wake akafoka.

“Kila nikiiwasha inaidai tena.”

“Basi ilete!”

Karani akajikuna shingo. “Mama yangu kaitundika shambani, bosi. Inafukuza ndege kwenye mtama.”

Bosi akatazama wingu. “Ingizeni pamba stoo! Andika kwa mkono!”

Chombo gani kinalishwa kitu kilekile kila siku na hakishibi? Mpaka leo sielewi. Karani alirithi kalamu, kompyuta ikarithi CD iliyotolewa shambani imechubuka, ikaikataa, na ndege wakarithi mtama usio na mlinzi.