Nilimchongea Mtani Wangu kwa Masafa Yasiyo na Kibali

Nimekosa, jamani, na msinionee huruma mpaka mmalize kusoma.

Nauza intaneti ya mnara hapa Masasi. Mwenzangu, nimwite Baba Zuhura, anauza upande wa Newala. Ni mshirika wangu, na kikabila ni mtani wangu. Masafa ya zamani ya kurushia intaneti yalishajaa, mtandao unakatika hovyo, tukanunua redio mbili za mnarani, moja yangu moja yake, zenye masafa ya zamani na mapya. Ila ni marufuku kuyatumia hayo mapya mpaka mamlaka ya mawasiliano itoe kibali. Maombi tuliandika kwa jina langu. Tukasubiri, tukasubiri! Msimu mzima wa korosho ukapita, kila nikipiga simu naambiwa, "Yanashughulikiwa."

Wateja wakawa wananisema sokoni.

Basi mama mkwe akafariki, kule Chiwata. Baba Zuhura akaja msibani kufanya utani, kama desturi ya watani, kajifunga kanga, kavaa sufuria kichwani eti antena, akajitupa mbele ya jeneza: "Mama, usituache! Au mkweo kakutuma ukamfuatilie kibali huko juu? Huku chini kimemshinda!"

Msiba mzima ulicheka. Hata mke wangu, na machozi yake, alicheka! Mimi nikajiona nimevuliwa nguo. Nikasema moyoni, wewe bwana, utanitambua!

Nywila ya redio yake nilikuwa nayo. Matanga yalipokwisha nikakaa dukani kwangu, nikaihamishia kwenye masafa mapya bila yeye kujua. Kisha nikapiga simu kwa mamlaka, jina nikaficha: "Kuna mtu Newala anatumia masafa yasiyo na kibali." Jamani, raha niliyoisikia! Mchana ule nilikula ugali wa muhogo huku nacheka peke yangu. Nilitaka nimwone analia, na kanga yake ile ile.

Wakaguzi wakaenda Newala, na mimi wakaniita huko. Redio zote mbili zilikuwa kwenye maombi yangu! Hasira ilinisahaulisha jambo nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe.

"Nani kaihamisha hii?" mkaguzi akauliza.

Nywila tulikuwa nayo wawili tu. Baba Zuhura akanitazama, akajua. Nikangoja anitaje.

"Ni mimi, mheshimiwa," akasema. "Huyu mwenzangu alikuwa na msiba."

Wakabeba redio yake, na maombi yetu yakafutwa. Nje nilimwomba msamaha. Akanijibu, "Mimi nilikuwa nakutania tu," akawasha pikipiki yake akaondoka.

Mwaka huu nimefiwa na mama yangu mzazi. Watani wakanizomea, wengine wakalala kaburini wakikataa kutoka mpaka wapewe chochote. Baba Zuhura naye alikuja. Akanipa mkono kwa adabu, "Pole sana, ndugu," akaenda kukaa nyuma kabisa.

Wewe unayepanga kumkomoa mtu, acha! Mtani akikucheka, cheka naye. Mimi siku ile nilikuwa natazama kule nyuma kila mara, nikingoja ainuke anitukane kama mtani, mpaka tukamaliza kuzika.