Dilys Nanjala, Aliyekataa Mwenzake Azikwe kwa Jina la Kupewa

Alizaliwa mwaka 1986 karibu na Webuye, Kenya, akitanguliza miguu, na aliyemwokoa ni mkunga wa misheni kutoka Wales. Wazazi wakampa mtoto jina la mkunga: Dilys. Halikutoka kwa malkia yeyote. Watu wa kawaida wa Wales walilichukua katika lugha yao ya kila siku, miaka mia na kitu iliyopita, neno lenye maana ya “halisi, kweli isiyo na shaka”, wakawapa binti zao.

Mwaka 2015 alikuja hapa Muscat, Omani, kufanya kazi za ndani mtaa wa Mawaleh, kwa Bi Kheiria, mzaliwa wa Unguja. “Dilisi? Jina gani hilo, mwanangu? Humu msafishaji huitwa Zuhura. Mie nshazoea.” Ndiyo desturi ya nyumba nyingi nilizofanyia kazi mimi pia, na sijasahau hata moja: mfanyakazi anarithi jina pamoja na sare. Dilys aliitikia. Ila Ijumaa, siku ya mapumziko huku, kanisani, aliwauliza wenzake mama zao waliwaitaje, akawaombea kwa majina hayo.

Mwaka 2019 mpishi wa nyumba ile alikufa kwa homa. Alikuwa Eliwaza, Mpare wa Same, Tanzania, Mkristo. Pasipoti yake, wakala aliyemleta aliipoteza zamani. Wenye nyumba walimwita Salma miaka mingi mpaka wakaamini kweli ni Mwislamu, na jioni ile wakawa tayari kumzika Kiislamu kwa jina hilo. Mama yake asingejua kamwe mwanawe yuko wapi.

Dilys akasimama mlangoni, mbele ya majirani. “Huyu si Salma. Ni Eliwaza binti Naomi. Na ameumwa wiki nzima bila daktari.”

“Watutia aibu mbele za watu, Zuhura!” akalia Bi Kheiria.

Mwanawe, Marwan, akamwambia, “Neno moja tena, kesho uko kwenye ndege.”

“Basi ngoja nikafungashe.”

Polisi waliitwa, maziko yakasimama, Eliwaza akarudishwa Same. Wanasimulia kwamba jeneza lilipofunguliwa uso wake ulikuwa kama wa aliyelala. Sikuwepo, nasema nilivyoambiwa. Dilys alirudishwa kwao, hakupata kazi tena, akafa kwa kifua kikuu mwaka 2021. Kati yetu tuliokula naye, hakuna aliyekwenda kumzika.

Sasa mnataka picha yake ukutani mwa kanisa hili. Anayetaka kumwiga aje nami leo baada ya misa. Kuna mwanamke yuko mochwari tangu Kwaresima, hana wa kumsemea, na humu kanisani wamo wanaomjua.