Mwanaisha Alikuja Kunisindikiza Tu

Leo nimempigia simu tena. Najua jana baada ya adhuhuri tumemzika, lakini mkono hausikii.

Kwa msiomjua, Mwanaisha ni shoga yangu na jirani yangu hapa Majengo, ukuta wetu ni mmoja. Hakuugua. Alilala, hakuamka. Inna lillahi.

Nimelia vya kutosha. Hapa nataka niwaambie ile safari yetu.

Mwaka jana nilijiandikisha na kikundi cha kina mama cha kutembea porini kwa miguu, kutoka Voi mpaka Mombasa. Watoto wangu walicheka. Wakasema mama, wewe hata ukienda sokoni Marikiti warudi kutizama kama umezima jiko, utalalaje nyika ya Taru?

Mwanaisha hakujiandikisha. Alikuja na buibui lake na champali miguuni kunisindikiza kwenye basi. Akapanda kunitafutia kiti cha dirishani, basi likaondoka naye ndani! Wala hakushtuka. Akasema ntakufikisha Voi kisha nirudi.

Tulipofika Voi akasema nakufikisha mpaka pale kwenye kona. Mwajua kusindikizana kwetu, wamtoa mtu mlangoni, mazungumzo hayajesha, mwajikuta mko kwake. Kiongozi wetu, kijana mmoja mpole, mwishowe alipoona harudi akamtafutia viatu.

Lakini mimi zile siku za mwisho ndizo hazinitoki.

Ndovu walitukatia njia, sote tukaganda. Kati yao kulikuwa na mama mmoja, kila hatua ageuka kutizama mwanawe. Mwanaisha akaninong'oneza, "Yule ni wewe, ameongezwa masikio tu." Nilicheka nusura tuuawe.

Kila penye network mimi napiga nyumbani. Wamekula? Gesi wamefunga? Yeye aninyang'anya simu, awaambia watoto mama yenu hajambo, mpumzisheni. Kisha mwenyewe aongea nao mpaka chaji yaisha.

Karibu na Mariakani miguu yangu ikakataa. Malengelenge juu ya malengelenge. Kiongozi akaniambia mama, panda gari, umejitahidi. Alisema kwa upole na ndiyo maana iliniuma.

Maisha yangu yote nimezaa, nimelea, nimengoja watu warudi. Mara hii nilitaka mimi ndiye ningojwe, niingie mjini kwa miguu yangu. Nikakaa chini nikalia mbele za watu.

Mwanaisha akamvuta yule kijana kando, lakini sauti yake, mliomjua mwaijua, tulisikia sote.

"Mwanangu, mimi kwenye watu wako simo. Nimekuja kumsindikiza huyu. Ukimpakia kwenye gari, mimi huku porini natafuta nini?"

Kijana akasema haya, tutizame mpaka jioni.

Mwanaisha akachana leso yake ya kujitanda, ile nzuri ya harusi ya bintiye, akanifunga miguu. Akaninyanyua. Akasema twende mpaka kile kichaka, kisha nirudi zangu. Tukafika. Akasema aa, hapa pana jua, nakufikisha pale kwenye mti. Kila mti ndio mwisho, kila mti yeye ati arudi!

Nikamwambia, "We Mwanaisha, warudi wapi, na kwenu ndiko twendako?"

"Nyamaza," akasema, "usinipoteze."

Jioni kiongozi hakuniuliza tena habari ya gari. Na kesho yake pia tulikwenda hivyo hivyo, mti kwa mti.

Siku ya kufika tukavuka Makupa kuingia mjini, Majengo wametoka nje kwa vigelegele, watoto wangu mbele, wakubwa wazima wanalia. Mpaka Ngome ya Yesu nilifika kwa miguu hii. Wa mwisho kabisa alikuwa yeye, maana alikataa katakata kunipita.

Medali nilipewa mimi, yeye jina lake halikuwepo. Nikaivua nikamvisha. Wallahi hata kwenye maulidi aliivaa, juu ya buibui, na asiyeuliza aonyeshwa.

Shoga yangu, Mola akurehemu, akupanulie kaburi lako. Nakujua, huko saa hizi umeshazoeana na majirani. Basi usiniharakishe, mimi bado nina wa kuwahangaikia hapa. Na wanao sasa ni wangu. Kila siku nitawapigia, wamekula, wamefika, wamefunga mlango, mpaka wanichoke.

Wewe lala unono.