Mkono wa Kulia wa Cheche

Melini hakuna aliyemwita Colman Faherty. Walimwita Cheche, kwa kuwa mashine yake ya simu ya upepo ilirusha cheche za moto kila alipotuma habari, na kelele zake ziliwakosesha usingizi hata panya. Maofisa walimhesabu kibarua wa kampuni ya simu, mabaharia wakamhesabu ofisa. Kwa hiyo supu yake ilikuwa ikimfikia imepoa, maana mpishi hakujua aipeleke meza ipi.

Alikuwa peke yake katika kazi ile. Meli ya makaa ya mawe, nani angemlipia mtu wa pili? Alivaa visikizi masikioni alfajiri akavivua pale shingo ilipokataa kabisa kukibeba kichwa. Hata akilala aliendelea kusikia nukta na vistari, herufi za simu, na ndotoni marehemu baba yake alimsemesha kwa nukta na vistari. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, uso wa hamsini.

Sasa mkono wa kulia nao ukaanza kumsaliti. Wagongaji wa simu waliuita ugonjwa ule mkono wa kioo, na walikuwa wakiutaja kwa sauti ya chini kama watu wanavyotaja ukoma. Kidole kinataka kugonga nukta tatu, kinagonga tano. Kisha kifundo kinakakamaa, maumivu yanapanda hadi begani. Mkaguzi wa kampuni akigundua, cheti kinachukuliwa, na mtu anarudi alikotoka. Colman alikotoka ni Carna, magharibi ya Ireland, kwa mama mjane na viazi vinavyoota katikati ya mawe. Mama yule aliishi kwa mshahara wa mwanawe. Basi Colman akaficha. Alituma habari fupi fupi, akasingizia hali ya hewa, na akiwa peke yake alijifunza kugonga kwa mkono wa kushoto, kijiko juu ya meza, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wenye kusema hivyo mara nyingi ni wenye afya.

Kitu kimoja kilimtia hofu kuliko mkaguzi. Kila mgongaji ana mwandiko wake katika kugonga. Wenzake baharini walimjua Colman kwa mkono wake wa kulia kama jirani anavyojulikana kwa kikohozi; kwa wa kushoto angekuwa mgeni kwao. Aliyemjua zaidi ni Idwal Pritchard, Mwelshi wa meli kubwa ya abiria. Walikuwa wamezoeana miaka mingi hewani bila kuonana hata siku moja. Waliitana mzee tangu wote wawili wakiwa hawajaota ndevu, kama ilivyo desturi ya wagongaji. Waliambiana misiba, wakatukanana kwa mapenzi, wakawacheka wanafunzi wanaogonga ovyo na kuwaziba wakubwa masikio.

Kisha siku moja asubuhi, katikati ya Atlantiki, mchochea makaa aitwaye Barney Quill alianguka mbele ya tanuri ameshika tumbo upande wa kulia. Alikuwa anachemka kwa homa. Nahodha Strachan alipanda kwenye chumba cha Cheche na chupa ya mafuta ya mbarika mkononi.

"Nampa haya yamsafishe tumbo," alisema. "Au unasemaje, Cheche? Wewe ndiye unayesikia dunia nzima."

"Ngoja kidogo, nahodha. Meli ya Pritchard iko karibu na ina daktari. Tumuulize kwanza."

"Uliza upesi. Mtu anakufa kule chini."

Mkono wa kulia ulikuwa umekakamaa tangu alipoamka. Colman akaita kwa wa kushoto. Akagonga jina la meli ya Idwal, akakosea, akarudia. Idwal alikuwa katikati ya kutuma salamu za abiria wake matajiri, za kuulizia mbwa na kuagiza maua. Akajibu kwa hasira.

"Mwanafunzi, toa mkono hapo! Wakubwa wanazungumza."

"Ni mimi, mzee. Faherty."

"Faherty namjua. Hagongi kama kuku anayedonoa bati. Funga mdomo ukalale!"

Colman akaanza tena, pole pole, kutoa habari ya mgonjwa. Mashine kubwa ya Idwal ikaunguruma juu yake ikammeza, na salamu za matajiri zikaendelea. Alijaribu tena, akamezwa tena.

"Hawakusikii?" aliuliza nahodha.

"Wananisikia. Hawanijui."

"Basi nampa mafuta." Nahodha akageuka mlangoni.

"Usimpe!"

Colman alitoa leso. Akavifunga nayo vidole vya mkono wa kulia kwenye kigongeo cha mashine, akikaza fundo kwa meno, akaanza kuusukuma kwa bega. Machozi yalimtoka, wala hakuyaonea haya. Alijua fika kwamba meli zote za karibu zinasikiliza, na wapo watakaokwenda kusimulia nchi kavu. Nukta zilimwagika hovyo, vistari vikapinda, lakini mwandiko ulikuwa wake.

Hewa ikanyamaza. Salamu za matajiri zilikatika katikati ya neno.

"Mzee?" Idwal aligonga taratibu. "Ni wewe? Mkono umepatwa na nini?"

Hapo angeweza kusema uongo. Alikuwa amechoka mno kwa uongo.

"Mkono umekwisha, mzee. Nina mgonjwa. Tumbo, upande wa kulia, na homa. Mwite daktari."

Daktari alijibu upesi: wasimpe mafuta hata tone, yangemuua. Wamwekee barafu, wasubiri. Alasiri meli ile kubwa ilisimama ubavuni mwao, mashua ikashushwa, Quill akachukuliwa kwenda kupasuliwa, naye akapona. Colman na Idwal hawakuonana hata siku ile, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amefungwa kwenye kigongeo chake.

Huko Liverpool, walikotia nanga, mkaguzi alikuwa ameshasikia. Alikuwa mpole, akampa kiti, akasifu kazi aliyoifanya, akachukua cheti. Ng'ombe akivunjika guu malishoni, hukimbilia zizini. Colman akanunua tikiti ya kurudi kwao.

Kabla ya safari, Idwal alimtafuta katika mgahawa wa gatini. Alikuwa mfupi, mwenye upara. Colman siku zote alimwaza mrefu. Walishikana mkono wa kushoto. Wakanywa chai. Maneno ya mdomoni yaliwagomea.

Mwishowe Idwal aligonga mezani kwa kidole: "Nisamehe, mzee. Habari za kwako?"

Colman akauinua mkono wa kushoto, akaanza kujibu. Nukta moja, akakosea, akarudia. Wateja wa meza ya pili waligeuka. Ilichukua muda mrefu kulimaliza jibu lenyewe, nalo lilikuwa fupi: "Nimechoka, mzee."

Idwal aliinamisha kichwa akamsikiliza mpaka nukta ya mwisho, wala hakumkatiza.