Mche wa Amana

Kwa miaka minne nilikuwa mkalimani kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi, na miaka yote hiyo mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Kiha alichonifundisha mama, mzaliwa wa Kalinzi, ndicho kilichonipa kazi, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mkataba ukikaribia kwisha nilikuwa sisemezeki. Mama, aliyeuza dagaa Katonga, aliniuliza, "Wamekuongeza?" nami nilimkaripia, kisha nikajuta.

Kulikuwa na bibi mmoja kutoka Burundi, mgonjwa wa presha, asiyekubali kuongea na daktari mpaka niwepo. Nyuma ya kibanda chake alipanda maharage tu. Mgomba, aliniambia, mtu anapanda kwao. Hata hivyo, alikuwa na mche mmoja wa mgomba alioubeba siku ya kukimbia. Aliutunza kwenye debe bovu. Ukikua anaukata, anabakiza mtoto wake. Sasa ulikuwa umenyong'onyea, majani yamekuwa ya njano.

Ndipo halmashauri ikaniita: karani wa kituo cha afya Ujiji, ajira ya kudumu, mshahara mdogo kuliko wa kambini lakini na pensheni yake. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wetu wa Buzebazeba wakadhani nimeposwa. Mimi nilikuwa nawaza nitamwambiaje yule bibi. Nikamwambia vibaya, kama kawaida yangu: "Bibi, Jumatatu siji tena."

Aliingia ndani, akatoka na debe.

"Sasa wewe una mahali pa kukaa. Upande kwenu."

"Lo! Bibi, mimi nakuacha, halafu wewe unanipa zawadi?"

"Nani kakupa zawadi? Hii ni amana, mwana wanje, mwanangu. Siku tukirudi kwetu, uniletee mtoto wake."

Niliupanda nyuma ya jiko. Kila jioni niliumwagia maji, na kila ulipotoa jani jipya nilimwita mama aje aone.

Baada ya miaka miwili, asubuhi moja nikiwa kazini, mtu wa kambini akaja kunipa habari: bibi yumo kwenye orodha ya wanaorudi Burundi, meli inaondoka mchana. Nilimwomba mkuu wangu ruhusa. Akauliza kama ni ndugu yangu. Nikasema hapana. "Basi kaa ufanye kazi."

Nilikaa kidogo. Halafu nikainuka, nikaenda nyumbani, nikachimba chipukizi moja lenye udongo wake, nikadandia pikipiki hadi bandarini. Nilimkuta kwenye foleni, amekonda. Alilipokea kwa mikono miwili, akalikagua mizizi.

"Limenenepa kuliko mama yake," akasema, akacheka. Mimi nililia mbele ya watu, wala sikuona haya.

Kesho yake nilipewa barua ya onyo: nimeacha kazi bila ruhusa, kwa sababu isiyoeleweka. Sikupata nyingine tena mpaka nastaafu. Siku ya kuaga, watu wa masijala wakaniuliza kama kuna karatasi ninayoitaka kwenye faili langu. Niliomba nakala ya hiyo barua.