Viti Saba vya Mstari wa Mbele

Wanawake waliofungua kesi walikuwa saba, wote bibi za watu, na Mama Pasi ndiye aliyekuwa mdogo wao. Jina hilo alilipata hospitalini, kwenye chumba cha kufulia, alikonyoosha mashuka miaka thelathini na mmoja. Mwenzake wa kukunja alikuwa Bi Kicheko. Mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, wanakutana katikati, wanaachana. Shuka la hospitali ni kubwa, mtu mmoja halimudu.

Wawili hao walijuana tangu utotoni, ndani ya kambi iliyozungushiwa seng'enge enzi za utawala wa kigeni. Mama Pasi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alisomba mawe ya barabara kichwani, mdogo wake wa mwaka mmoja akiwa mgongoni. Siku moja mtoto alinyamaza. Akamwomba askari ruhusa atue mzigo amtazame. Askari akakataa. Akambeba hivyo hivyo mpaka kazi ilipokwisha, na Bi Kicheko ndiye aliyemfungua mbeleko. Hawakulizungumza tena jambo lile mpaka walipokaa mbele ya wakili, vichwa vyeupe kwa mvi.

Kesi dhidi ya serikali ile ya kigeni ilikwenda miaka kumi na mmoja. Leo tarehe imesogezwa, kesho faili halionekani. "Hawa wanangoja tufe wapunguze viti," Bi Kicheko alikuwa akisema, halafu anacheka mpaka anashika mbavu. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Bi Kicheko mwenyewe, wa sita, alikwenda mwaka jana, wiki tatu tu kabla serikali ile haijatangaza kwamba itaomba radhi.

Siku ilipofika, gari lilimchukua Mama Pasi hadi ukumbini. Mstari wa mbele aliviona viti saba, kila kimoja na karatasi yenye jina. Hakuna aliyekumbuka kurekebisha orodha. Akakaa chake, cha mwisho. Mama mmoja wa itifaki akaja haraka haraka kuviondoa vile sita, picha zisije zikaharibika.

"Viache," Mama Pasi akamwambia. "Vina wenyewe."

Balozi wa serikali ile akasoma, mkalimani akatafsiri. Maneno hayakuzunguka: tuliwatesa, tuliwaulia watoto wenu, tunaomba radhi. Dakika nne. Makofi yakapigwa. Mama Pasi akainuka, mkono kiunoni, akajikokota hadi kiti cha kwanza.

"Mheshimiwa, umesoma vizuri. Sasa msomee na huyu."

Mama wa itifaki akamsogelea, akamnong'oneza, "Bibi, ratiba imebana."

"Mwanangu, mimi nimengojeshwa hadi meno yameisha. Hiyo ratiba ilikuwa wapi?"

Mkalimani alipokwisha kumweleza, balozi alivaa tena miwani yake. Akashuka jukwaani, akasimama mbele ya kiti cha kwanza, akalitaja jina lililoandikwa pale, akasoma yote tangu mwanzo. Akaenda cha pili. Cha tatu. Wapiga picha wakachoka. Waziri akatazama saa, akapokea simu, akatoka na hakurudi. Balozi alipofika cha sita, kiti cha Bi Kicheko, sauti ilikuwa imemkauka na wala hatazami tena karatasi. Akalikosea jina kidogo, akalirudia. Kwa mazoea Mama Pasi aligeuka amtazame mwenzake, maana hapo lazima angeangua kicheko. Kiti kilikuwa kitupu.

Gari likamrudisha nyumbani mchana. Hata hajavua viatu, jirani akachungulia dirishani.

"Shikamoo, bibi. Enhe, wameomba?"

"Marahaba. Wameomba. Mara saba."

"Mara saba! Na wewe je, umewasamehe?"

Mama Pasi akafikiri. Alikumbuka soda, picha, waliompa mkono, aliyemshika kiwiko kwenye ngazi. Akapita kote huko kichwani, akitafuta.

"Hawakuniuliza," akasema.

Jirani akangoja kidogo, labda kuna zaidi. Alipoona hakuna, akasema ameacha mboga jikoni isije ikaungua, akaenda zake. Redio ya nyumba ya pili ikaitaja hafla kwa sentensi moja, ikaingia kwenye matokeo ya mpira. Mama Pasi akabaki amekaa ukingoni mwa kitanda na gauni lake la kutokea, hajui alivue au bado kuna kitu anachokisubiri.